Gazeti Lililokunjwa Mkononi mwa Bibi

Mwaka 1988, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, Mama alinichukua kutoka Moshi tukasafiri hadi Glace Bay, mji wa makaa ya mawe ulio kwenye kisiwa cha Cape Breton, mashariki mwa Kanada, ili nikamwone mama yake mzazi kwa mara ya kwanza. Katika safari ile ya majuma sita nakumbuka mambo machache: baridi ya asubuhi katikati ya mwezi wa Julai, harufu ya bahari isiyofanana na ya Tanga, na zile jioni ambazo Babu alitoa fidla yake kwenye sanduku akapiga nyimbo za mababu zake wa Scotland, jikoni, huku majirani wamejaa mpaka mlangoni. Bibi hakucheza wala hakuimba pamoja na wengine. Alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko, akalikunja gazeti la siku ile kwa urefu mara tatu au nne mpaka likawa kama fimbo fupi, akalishika kwa mkono wa kulia na kulipiga kwenye kiganja cha kushoto. Watu wote pale nyumbani waliamini kwamba alikuwa akimfuatisha Babu. Mimi, kwa kuwa nilikaa sakafuni karibu na magoti yake, nilisikia kwamba hamfuatishi. Mapigo yake yalikuwa na mwendo wake yenyewe, na chini ya mapigo hayo alikuwa akivumisha wimbo huku midomo ameifumba, wimbo mfupi unaopanda, ukashuka mara mbili, kisha ukakatika kama mtu aliyeitwa ghafla.

Bibi alifariki mwaka 1994. Nauli ya watu wawili ilikuwa nje ya uwezo wetu, kwa hiyo Mama alikwenda peke yake kumzika, nami nikabaki na kipande cha wimbo ule kichwani, nusu yake tu, bila maneno na bila jina.

Huenda msomaji anajiuliza binti wa Glace Bay alifikaje Kilimanjaro. Baba alikuwa mtu wa ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipelekwa Antigonish, mji mdogo wa jimbo la Nova Scotia, kusoma katika Taasisi ya Kimataifa ya Coady, iliyoanzishwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier na ambayo imewafundisha viongozi wengi wa ushirika kutoka Afrika. Huko ndiko alikomkuta Mama, binti wa mchimba makaa aliyekuwa akifanya kazi maktabani. Walioana, Mama akamfuata Moshi, akajifunza Kiswahili sokoni kabla ya kujifunza vitabuni, na sisi watoto tukakua tukijijua kuwa tu watoto wa Mchaga na wa Mskoti wa Kanada. Hesabu hiyo ilikuwa imekamilika. Hakuna aliyeona kwamba kuna nafasi iliyoachwa wazi.

Mwaka 2017, nikiwa nimekwisha kuishi Halifax kwa miaka minane na kufanya kazi ya ukalimani, hasa kwa familia za wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, mjomba wangu wa mwisho alifariki, na Mama akaja kumzika ndugu yake na kuifunga nyumba. Chini ya kitanda cha mjomba tulikuta bati la biskuti lililofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na pete ya ndoa, kikapu kidogo kisichozidi kikombe cha chai kilichosukwa kwa tepe nyembamba za mbao, na cheti cha ubatizo cha mwaka 1923. Cheti kile kilikuwa na jina la Bibi pamoja na jina la ukoo ambalo sikuwahi kulisikia, kilitaja mahali paitwapo Chapel Island, na mbele ya majina ya wazazi wake padre alikuwa ameandika neno moja kwa tahajia ya zamani: Micmac.

Mama alikikalia kimya cheti kile kwa muda mrefu. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Alipokuwa mtoto, wanawake wauza vikapu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba pale mjini, na kila walipobisha kwao, Bibi alitoka nje mwenyewe na kuufunga mlango nyuma yake. Alikaa nao barazani saa nzima, wakati mwingine zaidi. Nyumba haikuwa na pesa, mshahara wa mgodini uliishia dukani kabla ya kufika nyumbani, lakini Bibi hakurudi ndani hata mara moja bila kikapu. Watoto walipomuuliza alikuwa akizungumza nini na wale wageni, alijibu kwamba walikuwa wakizungumzia hali ya hewa.

Wami'kmaq ndio wenyeji wa nchi ile, nchi wanayoiita Mi'kma'ki, inayojumuisha Nova Scotia yote, Prince Edward Island, sehemu kubwa ya New Brunswick, rasi ya Gaspé ya Quebec na sehemu za Newfoundland. Cape Breton kwao ni Unama'ki. Kwa lugha yao mtu mmoja ni Mi'kmaw na wengi ni Mi'kmaq, kwa hiyo tunapoongeza «Wa-» mbele tunaweka wingi juu ya wingi, lakini nitaandika Wami'kmaq kwa kuwa Kiswahili hakimwachi mtu asimame bila kiambishi chake. Wenyewe, wanapojitaja kwa wenyewe, husema L'nu'k, yaani watu.

Kwa nini mwanamke aliyezaliwa miongoni mwa watu hao aufunge mlango nyuma yake? Jibu la kwanza ni la kisheria. Sheria ya Kanada ya mwaka 1876 inayowahusu wenyeji wa asili, ambayo mpaka leo inawaita Wahindi katika jina lake, ilimfuta mwanamke wa asili katika orodha ya watu wake pale alipoolewa na mwanamume asiye wa asili. Alipoteza haki ya kuishi kwenye ardhi ya jamii yake, na watoto wake wakazaliwa wakiwa wameshakatwa. Mwanamume wa asili aliyeoa mwanamke wa nje hakupoteza kitu. Mkewe ndiye aliyeingizwa kwenye orodha. Bibi aliolewa na Babu mwaka 1946, na siku alipotia saini kitabu cha ndoa alitoka upande mmoja wa sheria akaingia upande wa pili. Kifungu kile kilidumu hadi mwaka 1985. Marekebisho mengine yalifuata mwaka 2011 na 2017, na sehemu ya mwisho ilianza kutumika mwaka 2019, miaka 25 baada ya kifo chake.

Jibu la pili halimo katika kifungu kimoja. Mwaka 1930 ilifunguliwa shule ya bweni ya Shubenacadie, ambako watoto wa Kimi'kmaq walitengwa na wazazi wao na kuadhibiwa kwa kusema lugha yao, na haikufungwa hadi mwaka 1967. Mwaka 1942 serikali ilianza kuwasukuma Wami'kmaq wa Nova Scotia waache makazi yao madogo wakakusanyike sehemu mbili tu, Eskasoni na Shubenacadie, kwa ahadi za nyumba na kazi ambazo nyingi hazikutimia. Msichana aliyekua katika miaka hiyo alijifunza mapema nini cha kusema barazani na nini cha kusema ndani ya nyumba. Simlaumu Bibi kwa kunyamaza kwake, na ninaomba asomaye asimlaumu.

Mimi nilianza utafutaji wangu pale ambapo watu wengi huanzia, kwenye nyaraka, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa na faili nene lisiloniambia lolote kuhusu mwanamke niliyekaa magotini pake. Lililonifungulia njia lilikuwa sauti. Majira ya kiangazi ya mwaka 2018 nilikwenda Eskasoni, jamii kubwa kuliko zote za Wami'kmaq, kando ya maji ya Bras d'Or, kuhudhuria mawio'mi, yaani mkusanyiko wa watu wa ngoma, nyimbo na chakula. Ngoma kubwa ilikuwa katikati ya uwanja, wanaume kadhaa wameizunguka, na sauti yake uliihisi tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Nilivutiwa nayo kama mgeni yeyote. Baadaye ngoma ilinyamaza, mzee mmoja akasimama peke yake akiwa na kipande cha mbao kilichochanwa-chanwa tabaka kwa tabaka kuanzia ncha moja, akakipiga kwenye kiganja cha mkono wake, akaanza kuimba Ko'jua, wimbo wa kucheza wa Wami'kmaq.

Chwa. Chwa-chwa. Chwa.

Ulikuwa mlio mkavu wenye pumzi ndani yake, mlio wa vitu vingi vyembamba vinavyogongana mara moja na kuachana. Sikuwa nimeusikia kwa miaka 30, nami niliutambua kabla sijajua kwamba nimeutambua, kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaanza kupiga paja langu. Kifaa kile kinaitwa ji'kmaqn. Gazeti likikunjwa kwa urefu mara tatu au nne, karatasi zake zikaachwa huru upande mmoja na kubanwa kwa vidole upande wa pili, huwa ji'kmaqn ya mtu asiyeweza kuwa na ji'kmaqn ndani ya nyumba yake.

Huo ndio muziki ambao wazee niliowasikia wanautaja kuwa wa kale zaidi. Ngoma kubwa ya uwanjani, pamoja na utukufu wake wote, iliwafikia Wami'kmaq katika karne ya 20 kutoka kwa mataifa ya nyika za magharibi, ikapokewa, ikapendwa, na leo ni yao. Sauti ya mtu na mapigo ya mkononi vilikuwapo kabla yake. Mwanasheria Mfaransa Marc Lescarbot, aliyeishi Port Royal, makazi ya Wafaransa katika Nova Scotia ya leo, kati ya mwaka 1606 na 1607, aliandika kwa majina ya sauti za muziki baadhi ya nyimbo alizosikia kwa Membertou, kiongozi wa Wami'kmaq wa eneo lile, ambaye alibatizwa tarehe 24 Juni 1610. Yaani nyimbo hizi ziliandikwa na mgeni zaidi ya miaka 400 iliyopita, na wakati huo zilikuwa tayari za zamani.

Katikati ya miaka hiyo zilipitia milango mingi. Zipo zile za kanisani, kwa kuwa mapadre wa Kifaransa walitia sala na nyimbo za dini katika Kimi'kmaq tangu karne ya 17, wakitumia maandishi ya alama, na Wami'kmaq wakazishika wao wenyewe vizazi kwa vizazi, wakiongozwa na wazee wa sala hata pale ambapo padre alipita mara moja tu kwa mwaka. Zipo za fidla pia. Lee Cremo wa Eskasoni, aliyeishi kati ya mwaka 1938 na 1999, alikuwa miongoni mwa wapiga fidla mashuhuri wa Cape Breton nzima, akashinda mashindano mengi, na nilipomsikia kwenye rekodi nilielewa kwamba jikoni mwa Babu hakukuwa na upande wa Scotland na upande mwingine usiohusika. Na zipo nyimbo ambazo zingekufa kama si watu kama Sarah Denny, pia wa Eskasoni, aliyezishika nyimbo na michezo ya zamani na kuwafundisha watoto wakati ambapo wazazi wengi waliogopa kufanya hivyo.

Siku ile ya kwanza nilifanya kosa. Ulipoanza Wimbo wa Heshima, ambao George Paul wa Metepenagiag huko New Brunswick aliupokea alipokuwa katika mfungo miaka ya 1980 na ambao sasa huimbwa kila penye mkusanyiko wa Wami'kmaq, watu wote walisimama na wanaume wakavua kofia. Maneno yake yanawaita watu wajiheshimu kwa jinsi walivyo, wakusanyike, wasaidiane katika mahali walipowekwa na Muumba. Mimi nilisimama pia, lakini nikiwa na simu mkononi, narekodi. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa pembeni yangu aliushika mkono wangu na kuushusha taratibu mpaka simu ikatazama majani. Hakunikemea. Wimbo ulipokwisha aliniambia kwamba nikitaka kuuchukua niuchukue kwa masikio, ndipo nitajua siku nitakapokuwa nimeupata na siku nitakapokuwa bado.

Nilimwomba radhi kama ninavyoomba radhi kwa watu wazima, nikaliinamisha goti kidogo bila kufikiri, na hilo likamfanya aniulize nimetoka wapi. Baada ya kumweleza alitulia, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelizoea tangu utotoni kwa mababa wadogo na mashangazi wa upande wa Uchagani, ambao hawajali umesoma wapi wala unafanya kazi gani kabla hawajajua hili: wewe ni wa nani? Nikamtajia jina la ukoo lililokuwa kwenye cheti. Alisema ukoo huo anaujua, kwamba wengine bado wapo na wengine walizoea kwenda Maine kila mwaka kwa kazi ya kuvuna viazi na hawakurudi wote. Hakunikumbatia wala hakunikaribisha nyumbani kama ndugu aliyepotea. Aliniambia yeye huwa Halifax majira ya baridi, kwa binti yake, na kwamba kila Jumatano jioni wanawake kadhaa hukutana ukumbini kuimba. Niliambiwa nimwite Kiju', jina ambalo huitwa bibi na mwanamke mzee anayeheshimiwa, na hivyo ndivyo ninavyomwita mpaka leo.

Hapa nalazimika kusema jambo ambalo linanikaa moyoni. Siku hizi katika mashariki ya Kanada wapo watu wengi ambao, wakipata jina moja katika orodha ya mababu wa miaka 300 iliyopita, au asilimia fulani kwenye kipimo cha mate, hujitangaza kuwa wenyeji wa asili, wakadai nafasi za kazi, za masomo na za kusema kwa niaba ya watu ambao hawajawahi kukaa nao meza moja. Wami'kmaq wanaliona hilo na linawaumiza, kwa haki kabisa. Mimi damu yangu iko karibu zaidi ya hiyo; Bibi nilimwona, nilimgusa. Hata hivyo nilikua Moshi, nikala ndizi za kihambani kwa Baba, na hakuna aliyenizuia kusema lugha yangu shuleni. Mateso ya Shubenacadie si yangu kuyavaa. Mama aliomba kuandikishwa kwa jina la mama yake, kwa sababu alitaka ile saini ya mwaka 1946 isiwe neno la mwisho, na nilimsaidia kujaza fomu kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nilichagua Jumatano.

Jumatano zile zilinifundisha kwanza kunyamaza. Kwa majuma mengi sikupewa chochote mkononi; nilikaa nyuma nikisikiliza, na kuosha vikombe baadaye. Kisha maneno yakaanza kuingia, na hapo Kiswahili kikanifaa kwa namna ambayo wenzangu wa Kiingereza walinionea wivu. Kimi'kmaq hugawa majina katika yale yenye uhai na yasiyo na uhai, na kitenzi hufuata mgawanyo huo, jambo ambalo sisi tunalijua kila tunaposema kiboko ameingia mtoni na wala si kimeingia. Kitenzi chao hubeba mtenda na mtendwa kwa pamoja. «Kesalul» ni neno moja lenye maana ya nakupenda, na sisi pia tunalisema kwa neno moja. «Wela'lin», asante, kwa undani wake ni umenitendea wema. Na majina ya undugu hayasimami peke yake bila mwenyewe: hakuna bibi tu, kuna nukumij, bibi yangu, na kukumij, bibi yako, kama wazee wetu wanavyosema babuye na mamaye. Niliposema nukumij kwa sauti kwa mara ya kwanza mbele ya wale wanawake sikuweza kuendelea, nikatoka nje kwenye theluji bila koti.

Lugha hiyo inapigania uhai wake. Tarehe 1 Oktoba 2022, siku ambayo Nova Scotia huadhimisha mikataba ya amani na urafiki ya karne ya 18, ilianza kutumika sheria ya jimbo inayoitambua kuwa lugha ya kwanza ya Nova Scotia. Sheria ni jambo jema. Lakini nililiona tumaini zaidi mwaka 2019, pale Emma Stevens, mwanafunzi wa sekondari ya Eskasoni, alipoimba kwa Kimi'kmaq wimbo mmoja wa Beatles na sauti yake ikazunguka dunia, nami nikawasikia wasichana wa Kikongo niliokuwa nikiwakalimania wakiuimba kwenye basi bila kujua ni lugha gani.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2021 Kiju' alinipeleka kwa mpwa wake, msuka vikapu, ili nikatengeneze ji'kmaqn yangu. Mti unaotumika wanauita wisqoq, nao huota kwenye vinamasi. Tangu mwaka 2013 umo katika orodha ya miti iliyo hatarini Nova Scotia, na tangu mwaka 2018, alipoonekana karibu na Halifax mdudu wa kijani kutoka Asia anayekula chini ya gome la miti ya jamii hiyo, hofu imezidi. Kwa hiyo mpwa wake hakukata mti kwa ajili yangu. Alinipa kipande kilichobaki kwenye kazi ya kikapu, chenye urefu kama wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole na unene wa vidole vitatu, alichokuwa amekiloweka majini usiku kucha.

Aliniamuru nikiweke juu ya gogo na kukigonga kwa kisogo cha shoka, si kwa nguvu, bali mfululizo, sehemu ileile, nikisogea kidogo kidogo kutoka nchani kuelekea katikati. Kwa dakika kumi hakikutokea chochote isipokuwa maumivu ya bega. Kisha mbao ikabadili sauti. Kutoka kwenye mlio mgumu wa tok tok ikaanza kutoa sauti ya chini iliyolegea, na nilipoitazama ncha niliona imeachana, kama kitabu kilicholowa maji kinavyofunguka kurasa. Kinachoachana ni pete za mti. Kila mwaka mti huongeza tabaka laini la majira ya kuchipua na tabaka gumu la kiangazi, na kipigo huvunja lile laini na kuliacha lile gumu. Nilihesabu tabaka 11. Miaka 11 ya mti, niliyoishika kwa mkono mmoja. Sehemu ya kushikia tuliiacha nzima, tukaizungushia kamba ya ngozi ili mpasuko usiendelee, na makali ya kila tabaka niliyapitishia kisu mpaka yakaacha kukwaruza kiganja. Nilipoipiga mara ya kwanza ilitoa mlio wa gazeti. Mpwa wa Kiju' alicheka nilipomwambia hivyo, kisha nikamweleza sababu, akaacha kucheka, akaniomba nimwonyeshe jinsi Bibi alivyolikunja.

Mwezi wa Julai 2023 Mama alikuja tena, akiwa na umri wa miaka 73, na tukaenda Potlotek kwenye misheni ya Mtakatifu Anna, Se'ta'n, ambako Wami'kmaq wamekuwa wakikusanyika kila mwaka tangu enzi za mapadre wa Kifaransa. Ndiko kulekule ambako kwenye cheti cha Bibi kunaitwa Chapel Island. Tulivuka kwa mashua hadi kisiwani. Palikuwa na vibanda vidogo, watoto wakikimbizana, moshi wa kuni, na kutoka kanisani sauti za wazee wakiimba kwa Kimi'kmaq, taratibu, zikivuta mwisho wa kila mstari. Mama alitembea kati ya vibanda akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayeingia ofisini kuitwa jina.

Jioni tuliketi nje ya kibanda cha Kiju' pamoja na wanawake wengine wawili wa rika lake. Nilikuwa nimengoja siku hii kwa miaka mitano. Nilimwomba Mama auvumishe wimbo wa Bibi. Yeye alikuwa nao mzima, kumbe. Nusu niliyokuwa nayo mimi ilikuwa ya kwanza tu, na baada ya pale ambapo kwangu ulikatika, kwake ulipumua kidogo na kuendelea, ukarudi ulikoanzia. Alipomaliza Kiju' alimwomba arudie. Akarudia. Mmoja wa wale wanawake alisema mwanzo wake unafanana na wimbo wa Se'ta'n. Wa pili akakataa, akasema huo ni wa kuchezea mtoto, alimsikia mama yake akiimba unaokaribiana nao. Kiju' alisema yeye haujui. Alisema hivyo bila masikitiko, kama mtu anayetaja kwamba mvua haijanyesha. Akasema tuendelee kuuimba mpaka atokee anayeujua.

Kisha akaichukua ji'kmaqn yangu kutoka magotini pangu na kuanza kumpigia Mama, naye Mama akaanza mara ya tatu. Walikwenda mistari miwili. Mama akasimama.

«Hapana», akasema, «yeye hakupiga hapo».

Akatazama huku na huku, akaona kwenye benchi karatasi ya ratiba ya misheni iliyogawiwa asubuhi, akaikunja kwa urefu, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaibana kwa vidole upande mmoja. Akaanza upya, akipiga kiganjani mwake kidogo nyuma ya sauti, pale ambapo nakumbuka. Kiju' alisikiliza mapigo mawili, akayahamishia yake pale.